Jinsi ya Kuyapima Majira ya Baridi ya Timu Dhaifu ya Besiboli: Mwongozo kwa Mashabiki wa White Sox na Wenzao

Katika msimu wa 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162 walizocheza, wakaipita rekodi mbaya ya New York Mets wa 1962 waliopoteza 120, na hakuna timu nyingine ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliyowahi kushindwa mara nyingi kiasi hicho tangu karne ya 20 ianze. Kati ya Julai na Agosti walipoteza mechi 21 mfululizo. Kwa shabiki wa timu ya namna hiyo, mechi zenyewe hufikia mahali zikaacha kumweleza jambo lolote jipya, na macho yake huhamia kwenye kile kipindi cha miezi mitano hivi baina ya kumalizika kwa fainali za World Series na kufunguliwa kwa msimu mpya mwishoni mwa Machi, ambapo klabu husajili, huuza, hubadilishana wachezaji, huajiri makocha na kutoa ahadi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya shabiki huyo, awe anaifuatilia besiboli akiwa Marekani kwenyewe au akiwa mbali, na hasa yule aliyekulia kwenye soka, ambaye amezoea kuupima usajili kwa ukubwa wa majina yanayopokewa uwanja wa ndege. Kipimo hicho hakitamfaa hapa. Swali la kutembea nalo tangu Novemba hadi Machi ni moja: je, klabu inajenga timu, au inapunguza gharama na kuiita akiba hiyo ujenzi? Mambo hayo mawili hufanana sana katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kwa sababu yote mawili huanza kwa kuwauza wachezaji bora, na mwenye klabu asiyetaka kutoa pesa anajua kwamba mashabiki hawatautambua upesi ukweli ulivyo. Ninawatumia White Sox kama mfano kwa kuwa ndiyo timu iliyoniumiza, na kwa kuwa ndani ya miaka 10 imeingia mara mbili katika ujenzi wa aina hii.

Anza na kalenda

Siku chache baada ya World Series, klabu huamua kama zinaendelea na wachezaji ambao mikataba yao ina mwaka wa hiari. Novemba 2024 White Sox waliukataa mwaka wa hiari wa Yoán Moncada, uliokuwa na thamani ya dola milioni 25, wakamlipa dola milioni 5 aende zake. Siku hizohizo klabu inaweza kumpa mchezaji wake anayemaliza mkataba ofa rasmi ya mwaka mmoja, ambayo kiwango chake hupangwa upya kila msimu. Majira yale kilikuwa dola milioni 21.05. Mchezaji akiikataa ofa hiyo na kusajiliwa kwingine, klabu aliyoiacha hupewa nafasi ya ziada katika drafti, yaani uteuzi wa vijana wa shule na vyuo unaofanyika kila Julai. Ikumbuke sana ofa hiyo, kwa sababu nitairudia.

Katikati ya Novemba hufika siku ya mwisho ya kuwaingiza chipukizi katika orodha ya wachezaji 40, orodha inayowalinda wasichukuliwe na klabu nyingine, na siku chache baadaye klabu huwaacha baadhi ya wachezaji ambao haitaki kuwaongezea mshahara. Mwanzoni mwa Desemba viongozi wa klabu zote hukutana katika mji mmoja, na hapo hukamilika mabadilishano mengi makubwa. Tarehe 15 Januari hufunguliwa usajili wa vijana wa mataifa mengine, wengi wao kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela. Katikati ya Februari warushaji na wadakaji huingia kambini, Arizona au Florida. Anayesubiri Februari ndipo aulize nani amesajiliwa huwa amekwisha kupitwa na maamuzi makubwa, hasa yale ambayo klabu iliyafanya kwa kunyamaza.

Hesabu miaka kabla ya majina

Katika ligi hii mchezaji hawi huru kwa sababu tu mkataba wake wa kwanza umekwisha. Hubaki chini ya klabu mpaka atimize miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu, na mwaka mmoja huhesabiwa kuwa siku 172 ndani ya kikosi. Kwa kawaida miaka mitatu ya kwanza hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, na miaka inayofuata mshahara hupanda kwa njia ya usuluhishi bila kufikia bei ya soko. Kwa hiyo, unaposikia kwamba mchezaji fulani anauzwa, jambo la kwanza la kuuliza ni amebakiza miaka mingapi, na la pili ni kama timu yako itakuwa na uwezo wa kushinda kabla miaka hiyo haijaisha.

Chukua habari za Garrett Crochet. Huyu ni mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye mwaka 2024, msimu wake wa kwanza wa kuanza mechi, aliwatoa wapigaji 209 bila wao kuuweka mpira mchezoni, akateuliwa kucheza mechi ya nyota, huku timu iliyomzunguka ikiporomoka. Alikuwa amebakiza miaka miwili. Tarehe 11 Desemba 2024, katika mikutano ya Dallas, meneja mkuu Chris Getz alimpeleka Boston Red Sox na kupokea wachezaji wanne: mdakaji Kyle Teel, mchezaji wa uwanja wa nje Braden Montgomery, mchezaji wa uwanja wa ndani Chase Meidroth na mrushaji Wikelman González. Mashabiki wengi waliumia, nami niliumia pamoja nao, lakini maumivu hayatoshi kuipima biashara.

Ipime hivi. Tazama kwanza kama wanaokuja watakuwa chini ya klabu muda mrefu kuliko yule anayeondoka. Hapa wote wanne walikuwa hawajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, kwa hiyo klabu ilibadilisha miaka miwili ya mtu mmoja kwa miaka 6 ya kila mmoja wa watu wanne. Kisha tazama wako hatua gani: Teel na Meidroth walikuwa wameshafika ngazi ya mwisho ya ligi za chini, na kweli wote wawili walianza kuichezea Chicago ndani ya msimu wa 2025, wakati Montgomery, aliyekuwa ametoka kuvunjika kifundo cha mguu akiwa bado chuoni, alihitaji muda. Tazama pia nafasi wanazocheza. Mabega na viwiko vya warushaji vijana huharibika mno, na biashara inayoleta warushaji watupu ni ya kutilia shaka hata kama wasifu wao unavutia. Miezi tisa kabla ya hapo, Machi 2024, klabu ilimpeleka Dylan Cease kwa San Diego Padres, na aliyekuwa kichwa cha kifurushi kilichorudi, Drew Thorpe, alikuwa mrushaji. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa kiwiko na msimu wote wa 2025 ukampita.

Kwa vipimo hivyo biashara ya Crochet ilikuwa nzuri. Hata hivyo kuna swali jingine juu ya hilo, ambalo shabiki hapaswi kuliacha lipite. Kabla ya majira ya kuchipua ya 2025 kwisha, Boston walimpa Crochet nyongeza ya mkataba wa miaka 6 yenye thamani ya dola milioni 170, naye msimu huo akawatoa wapigaji 255. White Sox, klabu ya jiji la tatu kwa ukubwa nchini Marekani, walikuwa hawajawahi kumpa mchezaji yeyote mkataba wa kufikia dola milioni 100. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Andrew Benintendi, dola milioni 75, uliotiwa saini majira ya baridi ya 2022. Kwa hiyo Getz alifanya biashara nzuri ndani ya sharti ambalo hakuliweka yeye, kwamba mrushaji huyu kamwe hatalipwa Chicago. Sharti hilo ni la mmiliki. Jifunze kutenganisha hukumu hizo mbili, kwa sababu ukizichanganya utamlaumu meneja mkuu kwa ubahili wa bosi wake, au utamsamehe bosi kwa ustadi wa meneja mkuu.

Ipe pia biashara muda wake. Desemba 2016 White Sox walimpeleka Chris Sale huko huko Boston, na wachezaji waliorudi, wakiongozwa na Moncada na mrushaji Michael Kopech, walihesabiwa kuwa miongoni mwa chipukizi bora kabisa wa wakati ule. Karibu kila mtu aliisifu biashara hiyo. Sale akatwaa World Series ya 2018. Moncada akawa na misimu michache mizuri kati ya majeraha mengi. Na mwaka 2024, mwaka uleule wa mechi 121, Sale akiwa Atlanta alishinda tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi ya National, huku Kopech akiuzwa Julai na Moncada akiachwa Novemba. Ningeshauri usitoe hukumu ya mwisho kabla ya misimu mitatu kupita, ila usikubali pia kuambiwa "subiri" baada ya hapo.

Na kuna kosa la kukawia kuuza. Luis Robert Jr. alipiga hom rani 38, yaani mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja, mwaka 2023, na majira ya baridi yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa wakati wa kupata bei kubwa kwake kama klabu ilikuwa imeamua kubomoa. Hakuuzwa. Mwaka 2024 akaumia, mwaka 2025 wastani wake wa kupiga ukabaki chini, na alipoondoka Januari 2026 kwenda New York Mets, bei ile ya awali ilikuwa imekwisha kupotea. Klabu inayobomoa nusu na kubakiza nusu haipati ushindi wa leo wala chipukizi wa kesho, na dalili yake utaiona mapema: mchezaji yuleyule atatajwa katika tetesi za usajili majira mawili ya baridi mfululizo.

Usajili mdogo usiudharau

Majira ya baridi ya 2024 White Sox walimsajili mrushaji Martín Pérez kwa mwaka mmoja na dola milioni 5, na wachezaji wengine wazoefu kama Mike Tauchman na Josh Rojas kwa mikataba mifupi. Ni rahisi kukasirika. Lakini timu dhaifu ina sababu halali ya kusajili namna hiyo: mzoefu akifanya vizuri hadi Julai, klabu inayowania ubingwa itamtaka, na chipukizi watapatikana kwa mtu aliyegharimu kidogo. Erick Fedde ndiye mfano bora. Alitoka ligi ya Korea Kusini, ambako mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa msimu, akasajiliwa kwa miaka miwili na dola milioni 15, na Julai 2024 akaingizwa katika biashara ya klabu tatu iliyomleta Miguel Vargas, ambaye mwaka 2025 alikuwa mchezaji wa kudumu kikosini. Pérez, kwa upande wake, aliumia Aprili, na Julai hapakuwa na cha kuuza. Ndivyo mikataba hii ilivyo, mingi haizai kitu, na shabiki asiilaumu klabu kwa mmoja ulioshindikana bali ajiulize kama inajaribu wa kutosha, na kama nafasi wanazopewa wazoefu hao haziwazuii vijana kucheza.

Mahali pengine pa kutazama ni uteuzi wa Kanuni ya 5, unaofanyika siku ya mwisho ya mikutano ya Desemba. Humo klabu inaweza kumchukua kwa dola 100,000 mchezaji wa ligi za chini ambaye klabu yake haikumwingiza katika orodha ya 40, kwa sharti la kumweka katika kikosi kikubwa msimu mzima. Timu nzuri haiwezi kumvumilia kijana asiyekomaa kwa msimu mzima. Timu mbaya inaweza, na ni miongoni mwa faida chache za kuwa mbaya. White Sox, waliokuwa wa kwanza kuchagua, walimchukua Shane Smith kutoka Milwaukee Brewers, mrushaji ambaye alipotoka chuoni hakuna klabu iliyomchagua katika drafti. Julai 2025 aliteuliwa kwenye mechi ya nyota. Katika majira yale yote ya baridi, hakuna dola 100,000 zilizotumiwa vizuri zaidi ya hizo katika ligi nzima, na habari yake ilipotangazwa wengi wetu tulikuwa tunamlilia Crochet, aliyeuzwa siku ileile.

Drafti ya Julai ni habari tofauti, na hapa shabiki anahitaji kuijua kanuni kabla ya kukasirika. Tangu Desemba 2022 nafasi sita za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu kati ya timu zilizokosa mchujo wa kuwania ubingwa. Klabu za masoko makubwa, zile zinazochangia katika mfuko wa mgawanyo wa mapato badala ya kupokea, haziruhusiwi kupata nafasi hizo miaka miwili mfululizo. White Sox walichagua wa tano mwaka 2024, wakamchukua mrushaji Hagen Smith. Kwa hiyo mwaka 2025, baada ya msimu mbaya kuliko wa timu nyingine yoyote ya zama hizi, walirudishwa hadi nafasi ya 10. Walipostahiki tena, Desemba 2025, wakaibuka wa kwanza. Kanuni hiyo ilitungwa ili kuvunja mazoea ya kupoteza makusudi, na japo ilituumiza, naiona kuwa ya haki: klabu ya Chicago haina sababu ya kuishi kwa zawadi za wanyonge.

Mtazame mmiliki timu inapokaribia kuiva

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kuuza wachezaji na kukusanya chipukizi hakumgharimu mmiliki chochote; kunampunguzia gharama. Ujenzi humgharimu pale vijana wanapoiva na mapengo yaliyobaki yanahitaji kuzibwa kwa pesa. Sote tumeziona nyumba zilizosimama vizuri hadi kwenye linta kisha zikaachwa bila paa, na White Sox wa miaka ile walikuwa nyumba ya namna hiyo.

Jerry Reinsdorf ameiongoza klabu hii tangu 1981, na haki yake apewe: mwaka 2005 White Sox waliwashinda Houston Astros mechi nne kwa sifuri na kutwaa World Series ya kwanza tangu 1917. (Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago na shabiki wa timu hii, alikuwa uwanjani kwenye mechi ya kwanza ya fainali hizo.) Ujenzi ulioanza kwa kumuuza Sale ulikusanya vipaji ambavyo klabu nyingi zilivitamani, na viongozi walifanya jambo la busara la kuwafunga mapema kwa mikataba mirefu: Tim Anderson, Eloy Jiménez, Robert, Moncada. Kilichobaki kilikuwa kununua nyota.

Majira ya baridi ya 2018 nyota huyo alikuwepo sokoni, Manny Machado, mwenye miaka 26. White Sox walimtaka waziwazi, hata wakamleta shemeji yake Yonder Alonso na rafiki yake Jon Jay ili ajisikie nyumbani. Februari 2019 Machado akasaini San Diego kwa miaka 10 na dola milioni 300, na Chicago wakabaki na shemeji na rafiki. Simcheki mtu kwa kulitaja hilo. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwa uwazi klabu iliyokuwa tayari kufanya kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichohitajika. Majira yaliyofuata walijitahidi, wakamsajili mdakaji Yasmani Grandal kwa dola milioni 73 na mrushaji Dallas Keuchel kwa dola milioni 55.5, na mwaka 2020 wakaingia mchujo. Kisha, timu ikiwa imeiva, nafasi ya kocha mkuu ikawa wazi, na aliyeitwa alikuwa Tony La Russa, mwenye miaka 76, ambaye hakuwa ameongoza timu tangu 2011 na ambaye Reinsdorf alikuwa na deni la moyoni kwake tangu alipofukuzwa klabuni hapo mwaka 1986.

Mwaka 2021 walishinda mechi 93 na kuongoza kundi lao, wakatolewa na Houston. Sasa rudi kwenye ile ofa rasmi ya mwaka mmoja. Novemba 2021 Carlos Rodón alikuwa anamaliza mkataba baada ya msimu bora wa maisha yake, uliokuwa na mechi aliyoirusha bila mpinzani kupata pigo hata moja salama. Ofa ilikuwa dola milioni 18.4. Angeikubali, wangebaki na mrushaji wao bora. Angeikataa, wangepata nafasi ya ziada ya drafti. White Sox hawakumpa. Akaenda San Francisco Giants, mwaka 2022 akacheza mechi ya nyota, na Chicago hawakupata kitu. Bega lake lilikuwa limeleta wasiwasi mwishoni mwa msimu, ndiyo, lakini hatari ya mwaka mmoja kwa timu inayowania ubingwa ndiyo hasa hatari ambayo pesa ya mmiliki ipo kuibeba. Mwaka 2022 wakamaliza kwa ushindi 81 na kushindwa 81, mwaka 2023 wakapoteza 101, na mwaka uliofuata unaujua. Shabiki aliyeisoma vizuri Novemba ya 2021 hakuhitaji kusubiri 2024.

Linganisha na majirani, kwa sababu huwezi kujua kama klabu yako imekaa vibaya bila kuona wengine walivyosimama. Detroit Tigers walipoteza 119 mwaka 2003. Majira yaleyale ya baridi wakamsajili mdakaji Iván Rodríguez, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa na Florida, kwa dola milioni 40, mwaka uliofuata wakashinda mechi 72, na mwaka 2006 wakacheza World Series. Kansas City Royals, klabu ya mji mdogo iliyo katika kundi lilelile la White Sox, walipoteza 106 mwaka 2023; kabla ya msimu mpya walikuwa wamewasajili warushaji Seth Lugo na Michael Wacha na kumfunga Bobby Witt Jr. kwa miaka 11 na zaidi ya dola milioni 288, na mwaka 2024 wakaingia mchujo kwa ushindi 86. Wakati huohuo White Sox, wakicheza katika kundi lilelile, walikuwa wanaiweka rekodi yao. Hata Houston Astros, ambao viongozi wengi huwataja wanapotaka mashabiki wavumilie, walipoteza mechi 106, 107 na 111 kati ya 2011 na 2013, lakini kabla ya ubingwa wa 2017, ambao baadaye ulitiwa doa na kashfa ya kuiba ishara za wapinzani, walitoa pesa kwa wazoefu na kumleta Justin Verlander. Ukitajiwa Houston, uliza kuhusu Verlander wenu.

Maneno, tiketi na siku zinazokuja

Hotuba za viongozi zina faida moja tu, nayo ni kukupa tarehe. Wakisema timu itakuwa tayari baada ya miaka mitatu, andika mwaka huo, kisha upime matendo yao kwa huo. Namna wanavyoajiri hueleza zaidi: Agosti 2023, baada ya Kenny Williams na Rick Hahn, waliokuwa wakisimamia usajili wa klabu, kufukuzwa, nafasi yao alipewa Getz, mtu wa ndani ya klabu, katika muda wa siku tisa na bila msako mpana, lakini ilipofika zamu ya kumpata kocha mkuu mpya mwaka 2024, klabu ilimtafuta nje, ikamchukua Will Venable kutoka benchi la Texas Rangers. Uamuzi wa pili ulinipa tumaini ambalo wa kwanza ulikuwa umeniondolea.

Kuhusu pesa yako, mpango wa tiketi za msimu mzima hulipwa kabla hujajua klabu itafanya nini, na huo ndio mkopo ambao shabiki humpa mmiliki bila masharti. Ningekushauri ununue mechi mojamoja mpaka uione klabu ikitoa pesa kwa ajili ya timu, na hamu yako uielekeze kwa Birmingham Barons na Charlotte Knights, timu za ngazi za juu za ligi ndogo za White Sox, ambako utaona mwenyewe kama chipukizi wanakua. Mwaka uleule wa mechi 121, Birmingham walitwaa ubingwa wa ligi yao, na hilo lilisema zaidi kuhusu mustakabali kuliko hotuba yoyote.

Mwaka 2025 White Sox walipoteza mechi 102, msimu wa tatu mfululizo wa kufikia 100, lakini vijana waliocheza ndio waliopaswa kucheza. Desemba wakamsajili Munetaka Murakami, mpigaji aliyewahi kupiga hom rani 56 katika msimu mmoja huko Japani, kwa miaka miwili na dola milioni 34. Ni mkataba mfupi, na mpigaji huyu hukosa mipira mingi, lakini ni pesa iliyotoka kabla ya timu kuwa tayari, jambo ambalo hatukulizoea. Tangu Juni 2025 kuna pia makubaliano yanayomwezesha Reinsdorf kumkabidhi mwekezaji Justin Ishbia udhibiti wa klabu kuanzia 2029.

Tarehe ya kuiandika sasa ni 1 Desemba 2026, siku ambayo mkataba wa pamoja kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unamalizika. Ulipomalizika mara iliyopita, Desemba 2021, wamiliki walifunga milango na usajili ukasimama kwa siku 99. Klabu yenye nia haitasubiri kuona kama milango itafungwa tena. Kwa hiyo mwezi Novemba fuatilia mambo mawili: kama yupo mrushaji wa kuanza aliyesajiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kama Teel, au mwingine kati ya vijana waliocheza 2025, amewekewa mezani mkataba mrefu.